Hati ya Moyo Mweupe

Nchi yetu haina wivu. Ulifutwa kwa sheria, na tangazo lake likatoka katika gazeti la serikali, ukurasa wa tatu, chini ya habari za kupotea kwa mbuzi wa Mheshimiwa. Jina la nchi sitalitaja, maana kulitaja kunahitaji kibali na mtoa kibali yuko safarini. Ninyi mnaoishi nchi nyingine, ambako wivu bado unaruhusiwa, pengine haya hamtayaelewa. Someni tu kama mnavyosoma habari za watu wa mbali wasiowahusu.

Naitwa Gervasi Ndembeka, Karani Mkuu wa Masjala ya Udahili katika Chuo Kikuu cha Taifa, kazi niliyoishika miaka kumi na tisa. Masjala ni chumba yanamotunzwa majalada ya wanafunzi: fomu za maombi, vyeti, picha, barua na malalamiko. Kwa utaratibu wetu, mwombaji asiye na jalada hajazaliwa, na mwenye jalada lisiloonekana amezaliwa lakini suala lake bado linashughulikiwa. Kabla sijaendelea niseme jambo moja, ili tusije tukasumbuana huko mbele: mimi sina wivu. Nitakayoyasema kumhusu Bi. Havijawa Mpate ni taarifa ya kikazi tu.

*

Mambo yalianza miaka kumi na miwili iliyopita, mpwa wa Mheshimiwa alipochaguliwa kusomea urubani. Kijana yule katika mtihani wa jiografia aliulizwa kaskazini iko wapi, akajibu iko juu ya bati. Wananchi wakanung'unika. Mheshimiwa akashangaa sana, akawauliza washauri wake watu wananung'unikia nini, na washauri wakajifungia hotelini siku tisa, wakatoka na jibu: watu wana wivu.

Basi ikaundwa Kurugenzi ya Mioyo, na juu yake akawekwa Profesa Mhandisi Balozi Nyamwihura, mtu aliyeteuliwa kwa sababu alikuwa na vyeo vingi mno kuweza kumwonea mtu gere. Siku ya uzinduzi alihutubia taifa.

"Ndugu wananchi! Ujinga tumeushinda! Maradhi tumeyashinda! Umaskini tumeushinda mara mbili! Amebaki adui wa nne. Adui huyu hakai mpakani, ndugu zangu. Hana bunduki. Hali, halali, hana hata anwani. Anakaa hapa!"

Akajigonga kifuani palipokuwa na kipaza sauti, ukatoka mlio mkubwa, watu wa safu za mbele wakapiga makofi wakidhani hotuba imekwisha. Akaiacha iishe.

Sheria yenyewe ilikuwa nyepesi. Hakuna mwombaji atakayepokelewa chuoni mpaka mtu mwenye sababu nzito kuliko wote ya kumwonea wivu aweke saini kwenye Hati ya Moyo Mweupe, kuthibitisha kwamba ameridhia. Mtu huyo kwenye fomu anaitwa Mwenye Kijicho, kwa herufi kubwa, na Kurugenzi ndiyo inayomteua baada ya kuhoji mtaa mzima. Mteuliwa huambatisha picha zake nne za pasipoti, nyuma pawe bluu, awe anatabasamu, na meno yasiyopungua manane yaonekane. Wazee walipata taabu. Bibi mmoja mwenye meno matano alipiga picha na mjukuu wake, shavu kwa shavu, na baada ya majadiliano marefu meno yakajumlishwa.

Kisha kuna usaili. Mwenye Kijicho huketi mbele ya Jopo la Mioyo, na pembeni yake hukaa Afisa Mshipa, ambaye kazi yake ni kuutazama mshipa wa paji la uso kwa kioo cha kukuzia. Swali ni moja tu: "Je, una wivu na mwombaji huyu?"

Hapo ndipo nchi ilipokwama. Ukisema unao, moyo wako si mweupe, saini haifai. Ukisema huna, basi wewe si Mwenye Kijicho, na saini haifai vilevile, aanze kutafutwa mwingine. Mwaka wa kwanza hakuna aliyeingia chuoni isipokuwa mpwa, ambaye hati yake ilitiwa saini na mjomba wake. Wahadhiri walifundisha madawati. Mwaka wa pili mtu fulani, hajulikani mpaka leo, aliketi mbele ya Jopo akajibu: "Nilikuwa nao mpaka jana jioni." Jopo likatazamana. Halikuona kosa. Tangu siku ile jibu ni hilo, na watoto wanafundishwa darasa la tatu, pamoja na wimbo wa taifa.

Ipo pia Kanuni ya Kumi na Nne, niitaje tu kwa ukamilifu. Inasema kwamba mwombaji ambaye hana hata mtu mmoja wa kumwonea wivu apite moja kwa moja bila hati. Ilikuwa haijawahi kutumika. Tulipoisoma kazini tulicheka.

Basi sheria iliyokuja kuumaliza wivu ikaufanya kuwa wadhifa. Mwenye Kijicho husalimiwa kwanza. Harusini huketi mbele. Huletewa jogoo, huulizwa kama chumvi imekolea. Watu ambao hawakuwahi hata kumtambua mtoto wa jirani walianza kuumwa roho mapema, mara tu fomu za udahili zinapotoka, ili majina yao yawahi. Mimi mambo hayo nilikuwa nayatazama kwa mbali, kama karani.

*

Sasa nimseme Bi. Havijawa.

Alikuja masjala miaka minne iliyopita, akiwa amehamishwa kutoka hospitali. Kabla yake kulikuwa na utaratibu wangu. Majalada yalikaa sakafuni kwa mafungu, na mahali pa kila moja palijulikana na mtu mmoja, yaani mimi. Mkuu wa kitivo akitaka jalada alikuja mwenyewe. Alibisha hodi, akanisalimu, akasubiri. Akaniuliza watoto, akaniuliza goti langu. Goti langu lilikuwa maarufu katika chuo kile. Kuna profesa aliyenitumia dawa ya kuchua kutoka ng'ambo.

Bi. Havijawa alifanya kazi wiki tatu. Akaleta rafu. Akafunga majalada kwa kamba: nyekundu udaktari, kijani kilimo, njano sheria. Akatengeneza sanduku la kadi, kadi moja kwa kila mwombaji. Akafungua Daftari la Mienendo, ambamo huandika kila jalada limetoka wapi, limekwenda wapi na limechukuliwa na nani. Baada ya hapo jalada lolote lilipatikana kwa dakika moja. Msajili wa chuo alishika saa yake mkononi akapima mwenyewe, mara tatu, akicheka kama mtoto.

Wakuu wa vitivo wakaacha kuja. Wakawa wanatuma tarishi na karatasi, na tarishi anarudi na jalada kabla hajafuta jasho. Hakuna aliyeuliza goti tena. Lilipona lenyewe, bila mtu kujua.

Kisha wakampa kiti chenye magurudumu.

Narudia kwamba sina wivu. Kiti kile nilikikalia mara moja tu, Bi. Havijawa alipokwenda kula, kuhakikisha usalama wake. Tuseme mara sita. Kinazunguka vizuri, kwa wanaopenda kuzunguka.

*

Tunaishi mtaa mmoja, kwenye nyumba za watumishi, ukuta kwa ukuta. Mwanawe anaitwa Stumai na mwanangu anaitwa Generoza. Walifanya mtihani mwaka mmoja, na wote wawili waliomba udaktari. Fomu ya Generoza niliijaza mimi, kwa mwandiko wangu mzuri, akiwa amelala.

Stumai akachaguliwa. Alama zake zilibandikwa ubaoni na watu wakazipiga picha. Za Generoza zilibandikwa karatasi ya pili, ile inayokaa karibu na choo.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimejiandaa kumfariji mtoto. Nikamkuta anacheka na huyo huyo Stumai, wanakula mihogo kwenye sahani moja.

"Baba, usihuzunike," Generoza akaniambia. "Mimi damu naiogopa tangu utoto. Nimeshajiandikisha chuo cha ufundi. Nasomea friji na viyoyozi."

"Friji!" nikasema.

"Kuna baridi nzuri, baba."

Sijui mtoto huyu kaitoa wapi roho ile. Si kwa upande wangu.

Wiki hiyo hiyo barua ya Kurugenzi ikafika mezani kwangu. Ilisema kwamba baada ya kuhoji wakazi arobaini na wawili wa mtaa wetu, Kurugenzi imemteua Bwana G. Ndembeka kuwa Mwenye Kijicho wa mwombaji Stumai Mpate, kwa sababu tatu: mtoto, kazi, na kiti. Hilo la kiti lilinishangaza. Mwisho wa kuwasilisha hati ulikuwa Ijumaa, saa tisa na nusu alasiri. Ikipita bila saini, nafasi inafutwa, na mwombaji haruhusiwi kuomba udaktari tena maisha yake yote.

Nikaisoma barua ile mara nyingi. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne, kulikuwa na kitu ambacho Bi. Havijawa hawezi kukipata kwa dakika moja.

*

Jumatatu alikuja mezani kwangu. Alisimama. Alibisha hodi juu ya meza, kwa kuwa mlango tulikuwa tunatumia mmoja.

"Kaka Gervasi, habari za asubuhi."

"Nzuri, Bi. Havijawa. Nikusaidie nini?"

"Ile hati ya mtoto. Naona jina lako limetoka."

"Limetoka, ndiyo. Taratibu zitafuatwa."

"Basi nakuomba. Ijumaa si mbali."

"Mambo haya hayataki haraka, dada yangu. Ni mambo ya moyo."

Nilikuwa na furaha kiasi kwamba nilikula chakula cha mchana mara mbili.

Jumanne nilikwenda kupiga picha. Mpiga picha alihesabu meno, akanionyesha: saba. Akaniomba nicheke zaidi kidogo. Nikamwambia nacheka kwa kadiri ya uwezo wangu. Nikaziwasilisha hivyo hivyo, zikarudishwa mchana, kwa barua, zikiwa na duara jekundu mahali pa jino la nane. Bi. Havijawa akaniazima kioo chake kidogo cha mkobani nikajifunze kutabasamu. Ikabidi nipige nyingine, na bahati mbaya zikatoka nzuri.

Jumatano, kwa sababu za kiusalama, niliondoa jalada la Stumai kwenye rafu ya udaktari na kulitia ndani ya koti langu. Saa nne na robo Bi. Havijawa alinyanyua Daftari la Mienendo, akasoma, akaja.

"Kaka, naliomba jalada lililo ndani ya koti."

Nilichungulia daftari. Lilikuwa limeandikwa kwa mwandiko mdogo uliosimama: *Saa 4:05. Limetoka rafu nyekundu. Limeingia koti la Bw. Ndembeka, upande wa kushoto.*

Mchana nililihamishia nyuma ya picha ya Mheshimiwa iliyo ukutani, mahali ambapo hakuna raia mwema atakayethubutu kupekua. *Saa 7:40. Limeingia nyuma ya Mheshimiwa.* Alipanda kiti chake, magurudumu yakateleza, akashika picha kwa mkono mmoja, akalitoa. Akalifuta vumbi, akalirudisha rafuni. Hakunifokea, hakusema kwa Msajili. Angenifokea ningejua la kufanya. Badala yake alipofunga ofisi aliniambia, "Usisahau koti lako, kaka, nje kuna mvua."

Alhamisi jioni nilikuwa barazani kwangu Stumai akaja. Ndiyo baraza ile ile ambako miaka yote alikuwa akiandika hesabu kwa chaki, watoto wa mtaa wamemzunguka, hata wa Bwana Mifugo asiyeongea na mtu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Alisimama kidogo, mikono nyuma.

"Baba, nimekukosea nini?"

Alikuwa haulizi kwa ukali. Alitaka kujua, kama anavyotaka kujua kila kitu, na akiambiwa atarekebisha. Niligeuka nikatazama ukuta. Kwa kuwa sina wivu, lazima nilikuwa nakagua nyufa.

"Hujanikosea, mwanangu," nikasema. "Ni utaratibu."

"Asante, baba," akasema. Akaokota kipande cha chaki alichokuwa amekisahau pale barazani, akaondoka.

*

Mtasema kwa nini sikukataa tu kutia saini. Kukataa ni kosa; ni sawa na kutangaza kwamba una wivu katika nchi isiyo nao, na adhabu yake ni kuhamishiwa kisiwani kuhesabu ndege. Mimi nilipata njia iliyo safi zaidi. Usiku sikulala kwa kuifurahia.

Ijumaa saa nane mchana niliingia mbele ya Jopo. Profesa Mhandisi Balozi Nyamwihura alikaa katikati, wajumbe sita kila upande, wawili wamesinzia. Afisa Mshipa akafuta kioo chake kwa tai, akakisogeza kwenye paji la uso wangu mpaka nikasikia harufu ya vitunguu.

"Bwana Ndembeka," akasema Profesa kwa sauti ya hotuba, "taifa linakutazama. Je, una wivu na mwombaji huyu, Stumai binti Mpate?"

Wajumbe walishashika kalamu kuandika jibu, maana wanalijua. Mmoja alikuwa ameshaliandika.

"Sina," nikasema. "Wala sijawahi kuwa nao."

Kalamu zikasimama. Waliosinzia wakaamka.

"Si mpaka jana jioni?" Profesa akauliza, akinisaidia.

"Hata jana asubuhi. Sijawahi kumwonea wivu mtoto huyu, wala mama yake, wala mtu yeyote."

Mpango wangu mnauona. Nikishaonekana sina wivu, mimi si Mwenye Kijicho. Atafutwe mwingine, mtaa uhojiwe upya. Mara ya mwisho kutafuta mwingine kulichukua miezi mitatu, na sasa ilikuwa imebaki saa moja na dakika ishirini.

"Afisa Mshipa!" akaamuru Profesa.

Afisa alitazama kulia, akatazama kushoto. Alinigonga paji la uso kwa kidole.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, mshipa umetulia kama bomba lisilo na maji."

Na kweli ulikuwa umetulia. Saa ile nilikuwa nimeshinda, na mtu aliyeshinda humwonea nani wivu?

Profesa alisimama. Machozi yalikuwa yanamtoka, nayo yalikuwa machozi halisi. "Miaka kumi na miwili!" akasema. "Miaka kumi na miwili nimekuwa nikimwambia Mheshimiwa kwamba adui ameshindwa, nikiwa sijamwona hata mtu mmoja aliyemshinda! Leo nimemwona. Ni karani!" Akatangaza hapo hapo kwamba natunukiwa Nishani ya Moyo Mweupe, Daraja la Kwanza, iliyokuwa imetengenezwa tangu mwanzo wa sheria na haijapata kifua. Jopo zima likasimama. Nami nikasimama, nisije nikaonekana najivuna kwa kuketi. Nikatia saini kiapo kwamba nimesema kweli. Kiapo kinasema kwamba ushahidi huu ukija kugundulika kuwa wa uongo, wakati wowote, udahili wote uliotegemea ushahidi huo unafutwa, hata mwanafunzi akiwa darasani. Nilisaini bila kusoma, kwa furaha.

"Basi mwombaji atafutiwe Mwenye Kijicho mwingine," nikasema kwa unyenyekevu. "Masikini, muda wenyewe umekwisha."

Hodi ikasikika. Bi. Havijawa akaingia na sanduku lake la kadi.

"Samahani, Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema. "Mahojiano ya mtaa yalishafanyika. Walihojiwa watu arobaini na wawili. Majibu yao yaliletwa masjala na jalada la mwombaji; yako hapa."

Ilimchukua dakika moja. Nilikuwa natazama saa ya ukutani na nawaambieni ilikuwa dakika moja. Akazipanga kadi mezani, na Profesa akazisoma kwa sauti. *Hapana, alimfundisha mwanangu kugawanya. Hapana, ananisomea barua za mwanangu aliye mbali. Hapana, yeye akiwa daktari nitatibiwa na mtu anayenijua.* Hata Bwana Mifugo, kwa mwandiko wa kuchimba: *Hapana.* Watu arobaini na mmoja, hapana arobaini na moja. Imebaki kadi moja yenye ndiyo, ya Ndembeka G., iliyojazwa na Kurugenzi kwa niaba yangu.

Profesa akaichukua kadi ile. Akanitazama kwa mapenzi makubwa, akakata *ndiyo*, akaandika *hapana*.

"Wenzangu," akanong'ona, "Kanuni ya Kumi na Nne."

Ilibidi itafutwe, maana hakuna aliyekumbuka inasemaje. Bi. Havijawa alikuwa nayo. Saa tisa kasorobo Stumai Mpate alipigiwa mhuri, mwombaji wa kwanza katika historia ya nchi yetu kuingia chuoni bila kuonewa wivu na mtu yeyote, kwa ushahidi wangu.

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Ya kwangu yalikuwa ya kwanza. Yalikuwa pia ya polepole.

*

Niliyabeba yote hayo kwa sababu ya nishani. Nilishapimwa na fundi wa suti. Nilishachagua upande wa kifua, na ukuta wa ofisi itakapotundikwa picha, mbele ya kile kiti.

Lakini nishani nayo ina utaratibu wake. Kabla ya kuvikwa, lazima apatikane Mwenye Kijicho wa kuitilia saini, na kwa nishani Kanuni ya Kumi na Nne haitumiki. Kwa nishani kanuni ni nyingine: nishani isiyoonewa wivu na mtu hurudishwa stoo, maana hiyo ni kipande cha bati tu. Profesa aliniambia nisihofu. "Mtu kama wewe," akasema, "watakugombania."

Wakahoji mtaa. Wakahoji chuo kizima, kuanzia Msajili mpaka wapishi. Niliwapa majina mimi mwenyewe, watu niliodhani miaka kumi na tisa wamekuwa wakinitazama kwa jicho la husuda. Majibu yakarudi katika jalada, limefungwa kamba nyeupe. Msajili: *Hapana.* Mkuu wa Kitivo cha Udaktari: *Ndembeka yupi?* Mpishi mkuu: *Hapana, ila apunguziwe wali.* Shemeji yangu, ambaye nimejenga kijijini nyumba kubwa kuliko yake makusudi: *Namwonea huruma. Inatosha?* Generoza aliandika: *Nampenda sana baba, lakini hapana.*

Usisikie mtu akikuambia kwamba kuonewa wivu ni balaa. Mimi nilisoma majalada ya watu miaka kumi na tisa na nimeona maombi ya kila namna, na sijawahi kuona mtu aliyekuwa peke yake kama nilivyokuwa mimi na kamba ile nyeupe.

Ilibaki kadi moja ambayo haijajazwa.

Nilimsubiri mpaka matarishi waondoke. Ilikuwa saa tisa, jua linaingia mpaka kwenye rafu nyekundu. Bi. Havijawa alikuwa anafunga kamba za wanafunzi wapya.

"Bi. Havijawa," nikasema. "Nina ombi la kikazi."

"Sema, kaka."

"Nionee wivu."

Aliacha kamba.

"Kidogo tu," nikasema. "Hata wa nusu saa. Nina nishani, dada yangu. Nimesifiwa na Profesa mpaka akalia. Nina mwandiko mzuri, nina nyumba. Kitu kimoja tu, chagua chochote."

Hakucheka. Mngekuwa ninyi mngecheka. Alikaa kwenye kiti chake, akakigeuza kunielekea, akanitazama usoni kwa makini kabisa, kama anavyotafuta jalada. Alinitazama muda mrefu. Alifumba macho, akakunja uso, akashika pumzi. Niliona kwa hakika kwamba anajitahidi. Dakika ilipita, ikapita ya pili.

Akafumbua macho, amechoka.

"Nimejaribu, kaka Gervasi," akasema. "Nisamehe."

Akafungua Daftari la Mienendo, akaandika: *Jalada la nishani, Bw. Ndembeka. Limerudi stoo.* Alipokuwa anapeperusha daftari ili kukausha wino, niliona kurasa za nyuma. *Kiti changu. Bw. Ndembeka. Saa 7:10.* Iko mara sita, kila moja na tarehe yake. Alijua tangu siku ya kwanza. Alijua ya koti na ya picha, na alijua nilikwenda kusema nini mbele ya Jopo na kwa nini, na bado alibisha hodi na kadi zake akaufanya uongo wangu umfae mwanawe.

Akafunga daftari, akalirudisha mahali pake.

"Na goti lako?" akauliza. "Siku hizi hulitaji. Linaendeleaje?"

Nikamwambia linauma. Kisha nikamwambia na jambo jingine, nikiwa nimesimama karibu na rafu nyekundu. Lilikuwa jambo fupi, maneno manne au matano, nami sijapata kulisema kwa mtu. Aliinuka, akaenda kufunga mlango, akarudi.

"Nimesikia, kaka," akasema. "Ila hilo usiliseme tena mahali popote. Unajua kiapo."

Najua kiapo. Nilikisoma siku ile, baada ya kukisaini. Kwa hiyo nililomwambia silitaji hapa, wala msinichokonoe. Stumai yuko mwaka wa kwanza, hajaanza hata kuingia wodini. Masomo yake ni ya miaka mitano. Mwaka ule atakapovaa joho njooni mniulize tena, tutakaa, tutazungumza. Kabla ya hapo, akija mtu wa Kurugenzi, akija Afisa Mshipa na kioo chake na vitunguu vyake, mwambieni mlivyosikia kutoka kwangu tangu mwanzo. Mimi sina wivu.